Jibu: Nahamia Tanga kutoka Dodoma mwezi Aprili, hali ya hewa ikoje?

Mkuu, umesema uhamisho wako unakutaka uripoti Tanga Aprili, una mtoto wa miezi minne, na unachoogopa ni joto. Mimi ni wa hapa hapa Dodoma, nimekaa Tanga miaka mitano nikarudi, kwa hiyo nakwambia niliyoyaona.

Ukiweza kuomba usogezewe hadi Juni, omba. Aprili na Mei ndiyo masika yenyewe. Sisi mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na tukijaliwa tunapata milimita 600 hivi kwa mwaka. Tanga hupata kama mara mbili ya hizo. Mimi nilihama Aprili. Lori lilifika usiku mvua inamwagika, godoro likalowa, na wiki nzima halikukauka. Jua lilikuwa linatoka, nalianika, jioni naligusa bado baridi kwa ndani. Huku ungelianika asubuhi ukalilalia usiku.

Pale ndipo nilipojua kwamba cha kujiandaa nacho ni unyevu, maana joto la mchana halijatuzidi sana. Januari na Februari Tanga inacheza kwenye nyuzi 32 au 33, na sisi Novemba hapa tunafika 31. Ila hewa ya kule imeshiba maji ya bahari, jasho halikauki. Chumvi ya mezani inalowa na kugandamana, ndiyo maana wenyeji wanaichanganya na punje za mchele. Viatu vyangu vya ngozi nilivisahau chini ya kitanda mwezi mmoja tu, nikavikuta vimeota ukungu wa kijani mpaka kwenye kamba.

Halafu usiku. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, jua likizama joto linaondoka nalo. Bahari inalitunza. Wakati wa kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, saa sita usiku bado unajipepea. Mtoto atatoka harara shingoni na kwenye mikunjo: muogeshe mara kwa mara, mvalishe pamba nyepesi, na neti usiikose hata siku moja.

Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, utaipenda Tanga. Upepo unavuma siku nzima, usiku unashuka mpaka nyuzi 20. Oktoba hadi Desemba inakuja vuli, mvua ya pili, maana mkanda wa mvua hulifuata jua kwenda kusini na kurudi, kwa hiyo pale unapita mara mbili. Kawaida vuli ni ndogo kuliko masika, ila ya 2023, mwaka wa El Nino, ilikuwa balaa. Na usidhani pwani yote ni hivyo: Lindi na Mtwara wana msimu mmoja kama sisi.

Nyumba, tafuta yenye madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Ukikaribia sana ufukweni, bati na nondo za madirisha zinaliwa na kutu upesi.

Kama Aprili haikwepeki, funga godoro kwa nailoni nzito kabla halijapanda lori. Na sweta za mtoto usizigawe, utazihitaji ukija likizo huku Julai.