Jibu: Wachina na Wahindi wa Malaysia walitoka wapi?
Ndugu, umeuliza kama Wachina na Wahindi wa Malaysia ni wageni wa juzi. Hapana. Wengi ni vitukuu wa vibarua wa enzi za Mwingereza: Wachina walichimba bati katika majimbo ya Perak na Selangor, Watamil, yaani Wahindi wa kusini mwa India, wakagema utomvu wa mpira mashambani. Wamalay, wenyeji wa nchi, wengi walibaki vijijini na mpunga wao. Kwangu mimi, mgawanyo huo ndio mzizi wa ghasia za Wamalay na Wachina za Mei 13, 1969, mjini Kuala Lumpur.

Mwaka 1971 ikaja Sera Mpya ya Uchumi ya serikali, iliyolenga Wamalay na wenyeji wengine waje kumiliki asilimia 30 ya hisa za makampuni ifikapo 1990. Umaskini ulipungua sana, lakini Mtamil fukara wa shambani hakuwemo kwenye hesabu hiyo ya hisa. Hilo linaniuma.