Muulize Fundi wa Baiskeli: Cheni mpya inaruka, pedali inadondoka, na miiba ya michongoma

Barua za mwezi huu nyingi ni za cheni, sijui ni mvua ama ni nauli imefanya watu watoe baiskeli stoo, lakini sawa tu, twende. Maswali mengine nimeyafupisha kwa sababu kuna watu wanaanza kunipa historia ya baiskeli tangu ikiwa ya babu.

Fundi, niko Kayole na naenda job Industrial Area na baiskeli ya gia kila siku. Cheni ilianza kuruka nikikanyaga kwa nguvu, hasa nikipanda mlima, nikaambiwa ninunue mpya. Nimenunua, nikafungiwa, na saa hii inaruka kuliko ile ya zamani! Nimeuziwa feki ama?
*Msomaji, Kayole*

Pole sana ndugu yangu. Mimi kwa kusoma tu barua yako naona cheni haina shida, ni friwili (vile vyuma vya meno vya gurudumu la nyuma) ndio imekwisha, na huyo aliyekuuzia cheni angeangalia meno kwanza kabla hajachukua pesa yako.

Iko hivi. Cheni mpya, kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi kamili, yaani milimita 12.7. Sasa ukiendesha miezi na miezi na vumbi letu hili, pini zinakulwa pale ndani zinapozunguka, kila pingili inapata kanafasi kadogo, na ukijumlisha hizo nafasi zote cheni inakuwa imerefuka ingawa chuma chenyewe hakijavutika popote. Meno ya friwili nayo yanakulwa yakifuata huo urefu mpya. Hawa wawili wanazeeka pamoja kama mume na mke na wanaelewana vizuri tu, shida ni siku unaleta cheni changa, haikalii kwa yale meno ya zamani, ukiweka nguvu inapanda juu ya jino na tak! imeruka, na wewe goti limegonga hendeli.

Kabla hujanunua kitu kingine, fanya hivi. Jaribu gia moja moja. Kama inaruka kwa zile gia mbili tatu unazotumia kila siku, na zile ambazo huwa hugusi ziko sawa, basi ni friwili, hakuna cha kubishana. Kama inaruka kwa zote, na inaruka kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko kadhaa, hapo shuku pingili moja ngumu, mara nyingi ni pale fundi alipoungia cheni. Zungusha pedali kinyumenyume polepole na macho yako yakae kwa zile roda mbili ndogo za nyuma chini, pingili ngumu utaiona ikipita hapo inashtuka, haijikunji kama wenzake. Ishike kwa mikono miwili uipinde kidogo upande huu na huu (kidogo nimesema), tone la oili, kwisha.

Na ili usirudi hapa tena, chukua rula ya mtoto ya shule, ile iko na sentimita upande mmoja na inchi upande mwingine. Cheni ikiwa imekazika, weka sufuri katikati ya pini moja halafu uangalie kwa inchi 12. Kama cheni ni nzima, hapo kwa 12 utapata katikati ya pini nyingine. Kama hiyo pini imepita alama kwa moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni pekee yake na friwili itakubali bila maneno. Ikishapita moja ya nane, yaani milimita tatu, umechelewa, andaa pesa ya vyote viwili. Watu wengi hawapimi, wanangoja mpaka iruke, ndio maana wananunua mara mbili.

Friwili usiitoe kwa nyundo na patasi, nimeona rimu zimeharibiwa hivyo. Iko na kifungulio chake kinaingia pale katikati, mpelekee fundi mwenye nacho, ni kazi ya dakika chache. Hesabu vyuma vyake kabla uende dukani: kama ni saba nunua ya saba, na uhakikishe ile cheni uliyouziwa pia ni ya saba.

Kuna gereji karibu na kwetu hunipa oili chafu ya gari bure, napaka cheni kila wikendi. Kuna ubaya?
*Msomaji, Dandora*

Uko. Ile oili ni nyeusi kwa sababu ya masizi na unga wa chuma kutoka kwa injini, sasa wewe unachukua huo unga unaupaka mahali chuma kinasuguana na chuma. Bure ni ghali hapo. Nunua kachupa kadogo ka oili ya cherehani ama oili mpya ya injini, na la muhimu zaidi ni vile unaweka: safisha kwanza na mafuta taa na mswaki mzee, ikauke, weka tone moja kwa kila pingili upande wa ndani, zungusha pedali kidogo, halafu chukua kitambaa UFUTE. Wengi hapo kwa kufuta wanaruka. Oili inatakiwa ndani ya pingili, ile iko nje kazi yake ni kukusanya vumbi tu na kuchafua suruali.

Fundi, mtoto wangu ana baiskeli na pedali ya kushoto inadondoka kila siku. Naikaza mwenyewe na spana mpaka mkono unauma, kesho yake iko chini tena. Baba yake anasema tununue ingine lakini sioni haja.
*Mama wa darasa la nne, Buruburu*

Mama, huna haja, na pia si kwamba huna nguvu. Pedali ya kushoto haifungwi kama nati zingine, nyuzi zake ziko kinyume. Inawezekana kabisa kila ukiikaza ulikuwa unaifungua.

Shika hii, itakusaidia pande zote mbili bila kuumiza kichwa: spana ikiwa imesimama juu ya pedali, ukiivuta kuelekea gurudumu la mbele unafunga, ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma unafungua. Basi. Spana ni namba 15 kwa nyingi, na iwe nyembamba maana nafasi hapo ni kidogo. Angalia pia mwisho wa skrubu ya pedali, kumechongwa L ama R. L ni ya kushoto kwa mwenye amekaa kwa kiti, kwa hivyo kama kuna mtu aliwahi kufunga R upande wa kushoto akilazimisha, hapo ndio shida ilianzia.

Kabla uirudishe chungulia ndani ya lile tundu la krenki (mkono wa chuma unaoshika pedali). Ukiona nyuzi bado ziko na ncha, paka grisi kidogo, anza kwa vidole, usianze na spana, ikiingia laini mizunguko kadhaa ndio ukaze. Lakini kama ndani kumelainika kama shimo la kawaida na kuna unga wa kung'aa unatoka, nyuzi zimekwisha kwa sababu mtoto ameendesha ikiwa imelegea, na hapo unabadilisha mkono wa krenki wa kushoto peke yake. Si baiskeli nzima, mwambie baba yake hivyo.

Kila wiki pancha. Kila wiki! Gurudumu la nyuma, natoka Kangemi naenda town, nimebadilisha tyubu mpaka nimechoka. Ni barabara ama ni mkosi?
*Msomaji, Kangemi*

Mkosi hapana. Tyubu inakuambia yenyewe ni nini imeitoboa, sema watu wanaitupa bila kuisikiliza.

Ukiitoa, kwanza usisahau ilikuwa imekaa vipi ndani ya tairi, weka alama ya kalamu kwa tairi pale valvu inatokea. Ijaze upepo uipitishe kwa beseni la maji, uone mapovu yanatoka wapi. Halafu:

Matundu mawili yamekaa pamoja kama alama ya meno ya nyoka, huo ni upepo kidogo. Umegonga shimo ama ukingo wa lami na rimu ikabana tyubu. Dawa ni pampu, soma ubavuni mwa tairi, wameandika kiwango cha PSI, kipimo cha upepo, kaa ndani ya hicho kiwango, na usipime kwa kufinya na kidole gumba.

Tundu upande wa ndani, ule unaoangalia rimu, hiyo ni spoki ama ule mkanda wa rimu umesogea. Panga mkanda, ama uweke mpya.

Tundu moja upande wa nje, hapo sasa rudi kwa ile alama yako, pima kutoka valvu hadi tundu na uende sehemu hiyo hiyo kwa tairi, utakuta kitu bado kimekaa hapo kinangoja tyubu ingine. Huku kwetu washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni mwiba wa michongoma, zile ua zikikatwa matawi yanaachwa kando ya njia pale pale waendesha baiskeli wanapita. Wa pili ni tuwaya twembamba twa tairi zilizochomwa barabarani, hutu ni hatari kwa sababu tuko kama unywele na ukipapasa haraka hutuhisi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole badala ya kidole, pale kitanaswa ndio hapo, ukivute na koleo ama kikucha cha kukata. Kila wiki pancha kwa gurudumu lile lile, mimi naweka dau ni waya.

Kiraka nacho: piga msasa mpaka ule mng'aro uishe, paka solushoni (gundi ya pancha) nyembamba, ienee kupita ukubwa wa kiraka, NGOJA ikauke mpaka isishike kidole, ndio ubandike na ukandamize. Ukibandika ikiwa bado mbichi itatoka, na wengi ndio wanalaumu solushoni.

Breki zangu za diski zinapiga kelele kama matatu ya zamani na hazishiki, nimezipulizia mafuta lakini wapi.
*Msomaji, South B*

Aki wewe. Diski haipakwi mafuta YOYOTE. Osha diski na spiriti na kitambaa safi, toa pedi uzikwangue kwa msasa juu tu, kama mafuta yamezama ndani nunua pedi mpya, za zamani haziokoleki. Halafu mahali hakuna magari, kimbiza kiasi na ushike breki mpaka ukaribie kusimama, achilia, rudia hata mara ishirini ndio zishikane upya.

Kijana, nina baiskeli ya Black Mamba ambayo imenilelea watoto. Siku hizi nikikanyaga inalia tok, tok, kila mzunguko, na mguu nauhisi unateleza kidogo kabla ya kushika. Nimekaza nati ya ile pini ya krenki hadi ikakatika. Nifanyeje?
*Mzee wa Dagoretti*

Heshima kwako mzee wangu. Umepata ugonjwa wenyewe, ni pini ya krenki, ile inayofunga krenki kwa ekseli, ila dawa ndio tofauti. Ile nati haikazi pini, inaizuia tu isirudi nyuma, kazi ya kuikaza ni ya nyundo, ndio maana nati ilikatika.

Pini iliyolegea inakulwa ubapa wake, ukiitoa utaona kama kangazi kamechongeka pale inapogusana na ekseli. Hiyo haifai tena. Ibebe mpaka dukani usiende mikono mitupu, kwa sababu kuna za milimita 9.5 na kuna za milimita 9, kwa macho zinafanana na ukiweka nyembamba utarudi pale pale. Nunua mbili, za kushoto na kulia zizeeke sawa.

Ukiigonga, usiache krenki ikining'inia hewani maana unaumiza gololi za ndani. Simamisha kipande cha bomba la chuma kutoka sakafuni mpaka chini ya krenki, pini iwe na nafasi ya kutokea ndani ya bomba, ndio ugonge. Pini ya upande huu na ya upande ule zinaingia zikielekea kinyume, moja ikiingia kutoka juu, nyingine, bila kuzungusha krenki, inaingia kutoka chini, na ukiona pedali mbili haziko mstari mmoja ujue umezielekeza upande mmoja. Gonga mpaka sauti ibadilike iwe kavu, funga nati bila hasira, zunguka mtaani kidogo, urudi ugonge tena mara moja mbili na uiguse ile nati.