Bonanza la hisani: fulana zimeisha, wakimbiaji hawaonekani

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni waziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi, chuo kimoja hapa Iringa. Tunaandaa bonanza la hisani tupeleke vitu kituo cha watoto, na pia tunataka wanachuo waanze mazoezi maana wakitoka leksha ni kitandani na simu mpaka usiku. Mwaka jana fulana tulizouza za kuchangia watoto ziliisha zote ila asubuhi ya mbio walikuja wachache mno, wengine walitokea saa 4 kupiga picha. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongereni, hela ya fulana iliwafikia watoto na hilo si jambo dogo. Ila aliyenunua fulana alishamaliza mchango wake siku hiyohiyo, sasa atoke kitandani saa 12 asubuhi na baridi la Iringa la mwezi wa 7 kufuata nini?

Mi naona mchango utoke kwenye miguu. Anzeni wiki 6 kabla, jioni 3 kwa wiki, afu mwombeni mwenye duka la steshenari au hata mama ntilie wa getini aahidi kwa kichwa, yani wakija watu 40 jioni hiyo anatoa madaftari 40, wakija 10 ni 10. Hapo utaona watu wanagongeana milango hosteli, we njoo tu hata utembee unahesabiwa, na anayetembea anahesabiwa kweli jamani, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki na kutembea harakaharaka kumo.

Msiwapandishe watu mlima wa Ipogolo siku ya kwanza. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, aliyekuja juzi toka Dar au Tanga pumzi itamkatikia njiani ajione mbovu asirudi tena, kumbe mwili unataka wiki kadhaa uzoee hewa ya huku. Mwambieni hivyo mapema, na mpashe misuli vizuri maana baridi halina utani.

Wadada waulizeni wenyewe wanataka nini na saa ngapi, wengi wanaogopa kurudi hosteli giza limeingia. Wekeni netiboli, wekeni rede, mtu akikwepa mpira wa rede robo saa atatoka jasho kuliko hao wa joging.

Halafu mbio ziishie getini kwa kituo, kila mtu na vitu vyake kwenye begi mgongoni akabidhi kwa mkono wake. Lakini muulizeni mlezi kwanza wanahitaji nini, mnaweza kujaza madaftari kumbe watoto hawana sabuni wala mafuta ya kupaka, na picha za watoto msipige bila ruhusa yake. Kama mtapita barabara kubwa polisi wajulishwe mapema.

Hapohapo kituoni, kabla watu hawajatawanyika, tangazeni mazoezi ya Jumatatu saa ileile na lengo linalofuata. Kundi likikaza mnaweza kwenda Mbeya kwenye Tulia Marathon, nazo ni mbio za kuchangia elimu na afya, nauli muanze kudunduliza mapema kabla bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, halijaisha.