Wasomaji Wanauliza: Chura wa Kihansi, msitu wa kijiji na kinamasi cha Kisumu

SWALI: Hapa kijiweni kwetu, bajeti ikisomwa lazima mtu amtaje chura wa Kihansi. Eti serikali ilimpandisha ndege kwenda Marekani, ikamrudisha, na huku zahanati hazina dawa. Ni sheria gani inayoilazimisha kuhangaika na chura? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Ni ahadi iliyoiwekea saini yenyewe. Machi 1996 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai. Ibara ya 14 inadai athari za mradi zichunguzwe kabla. Ibara ya 8 inataka viumbe walindwe palepale wanapoishi, na walio hatarini wasaidiwe kuongezeka. Ibara ya 9 inahusu kuwatunza nje ya makazi yao, ikiwezekana ndani ya nchi yao, kisha kuwarudisha porini. Mwenye akili ya kawaida angeanza na ile ya 14. Kihansi mambo yalikwenda kinyumenyume.

Chura yule aligunduliwa mwaka huohuo wa 1996, ujenzi wa bwawa la umeme la mto Kihansi ukiwa umeshaanza. Jike halifiki sentimita 3, na halitagi mayai: huzaa vitoto vilivyokamilika, bila hatua ya kiluwiluwi. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2, yaani viwanja vitatu hivi vya mpira, kwenye majani yaliyolowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi, kati ya 1999 na 2000, zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mto yaligeuziwa kwenye handaki la umeme. Manyunyu yakakatika, majani yakakauka.

Hapo ndipo mbio zikaanza. Novemba 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York. Mwaka 2001 korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kweli vyura wakaongezeka hadi maelfu. Mwaka 2003 wakaporomoka ndani ya miezi michache. Kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ilikuwa imeingia, na kwa chura ngozi si koti tu. Ndiyo inayopitisha maji na chumvi. Ikiharibika, chumvi mwilini hupungua hadi moyo unasimama. Bomba la maji haliwezi kutibu hilo. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa uzao wa wale waliosafirishwa, na 100 kati yao walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Agosti 2010. Kuwaachia korongoni kulianza 2012.

Kwa hiyo wenzako wana haki kulalamikia gharama, ila wamemlaumu asiyehusika. Korongo lingepekuliwa vizuri kabla ya michoro ya bwawa kupitishwa, kiasi cha maji ya kuachwa mtoni kingepangwa tangu mwanzo, bila ndege na bila maabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 sasa inakataza mradi wa aina hiyo kuanza kabla ya tathmini. Ukisikia mradi mkubwa unakuja kwenu, muulize Afisa Mazingira wa Wilaya swali moja: utafiti wa viumbe ulifanyika miezi gani? Timu iliyokuja wiki mbili za kiangazi haiwezi kuona vyura wala mimea inayochipua masika.

SWALI: Kijiji chetu kina msitu wa asili na wachoma mkaa wanaingia usiku. Mwenyekiti anasema ni kazi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), TFS wanasema ni ya kijiji. Nani mkweli? – Mjumbe wa kamati, Lindi

JIBU: TFS wanalinda hifadhi za serikali kuu. Kama msitu uko ndani ya ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kuutenga kuwa hifadhi ya kijiji, na wilaya ina jukumu la kuwasaidia kitaalamu. Msitu usiotengwa ndio shamba la bibi, na wachoma mkaa wanalijua hilo kuliko ninyi.

Peleka hoja Mkutano Mkuu wa Kijiji, mchague Kamati ya Maliasili, kisha pitieni mpaka kwa miguu pamoja na wazee na wajumbe wa vijiji jirani. Kila kona ichukuliwe alama ya GPS na ipakwe rangi, na muhtasari usainiwe na pande zote. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: mpaka unachorwa ofisini, jirani anaukana siku mkikamata magunia. Baada ya mpaka, Afisa Misitu awaongoze kuhesabu miti kwenye maeneo ya sampuli, mkipima kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa mpango wa usimamizi: wapi hapaguswi, wapi panavunwa na kwa kiasi gani.

Sheria ndogo zijadiliwe na Mkutano Mkuu, zipitishwe na Halmashauri ya Kijiji, halafu ziidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Fuatilieni hatua hii ya mwisho msichoke, maana faili hulala wilayani mwaka mzima. Mkimtoza mtu faini kwa sheria ndogo isiyoidhinishwa, mahakamani mtaonekana ninyi ndio wakosaji. Mapato ya uvunaji halali ndani ya hifadhi hiyo ni ya kijiji. Andikeni stakabadhi kwa kila shilingi na msome hesabu mkutanoni, la sivyo wanakijiji wenyewe watawafungulia wachoma mkaa njia.

SWALI: Kinamasi cha mafunjo karibu nasi kinajazwa udongo ili kijengwe. Shamba langu halijaguswa. Naweza kushtaki? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Unaweza. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 69, inaitwika serikali wajibu wa kulinda bioanuwai, na Kifungu cha 70 kinasema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mahakama inaweza kusimamisha kazi hiyo au kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua. Lakini kabla ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iandikie NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) na kaunti, uombe nakala ya leseni ya tathmini ya mazingira ya mradi huo. Hakikisha nakala ya barua yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Piga picha za malori zikiwa na tarehe, ukisimama palepale kila siku, ili mafunjo yanavyopungua yaonekane.