Jibu: Ukungu mweupe kwenye mizabibu, Kisauni
Salaam ndugu. Umeuliza kama ukungu mweupe uachwe, kwa kuwa unataka kulima kienyeji na kutengeneza mvinyo usiotiwa hamira. Usiuache. Kwanza geuza jani, maana ukungu huu ni wa aina mbili: unga unaofutika kwa kidole hutibiwa kwa salfa, ilhali manyoya meupe chini ya jani, yenye doa la manjano upande wa juu, huhitaji mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya buluu) uliochanganywa na chokaa, dawa ya wakulima wa Bordeaux, Ufaransa, tangu miaka ya 1880. Salfa nyunyiza jioni, maana joto letu likipita nyuzi 32 dawa hii huunguza majani, nawe ikomeshe wiki kadhaa kabla ya mavuno, la sivyo mvinyo utanuka yai viza. Mimi, kabla ya dawa yoyote, hupogoa matawi ya ndani ili upepo upite.