Kabla ya kununua mashine ya kukatakata matairi, ulizia waya

Wanaonipigia simu kuuliza habari za mashine hii huanza na swali moja: ina nguvu kiasi gani? Mimi nilianza hivyo hivyo. Yangu nimeifunga Ipuli, hapa Tabora mjini, na siku ya nne tu ya kazi ikanifunza adabu.

Lilikuja tairi la semi. La gari dogo ni kilo 9 au 10 hivi, la semi linafika 50 na kuzidi. Kwenye ukingo wake, pale linapobana rimu, kuna waya nyingi za chuma zilizofungwa pamoja, unene wa kidole. Kijana wangu akalisukuma zimazima. Visu vikalidaka, mota ikaguna, halafu ukasikika mlio mkavu, kaa! Kufungua, meno mawili yamemeguka na waya umejizongazonga kwenye shafti, ile nondo inayozungusha visu, kama uzi kwenye cherehani. Tulishinda tunaukata kwa msumeno wa chuma mpaka magharibi.

Kwa hiyo tafuta kwanza mashine ya kung'oa waya. Ni ndoano na jeki ya haidroliki tu, inavuta mpaka waya unachomoka, nao unauza kama chuma chakavu. Tairi dogo unaweza kulipitisha na waya wake, ila visu vitakudai.

Kuna na mchanga. Matairi yetu yanalala nje chini ya miembe, yamejaa maji, matope na viluwiluwi vya mbu. Yamwage, yakung'ute, yasugue. Mchanga unalamba makali upesi kuliko mpira wenyewe.

Mashine inayofaa ina shafti mbili zinazozunguka polepole, kila moja upande wake. Ukisifiwa kasi, kuwa macho: mpira ukikatwa kwa kasi unapata joto na kuanza kunata. Uliza nafasi iliyopo kati ya kisu na kisu, maana ikizidi, tairi halikatiki, linajikunja na kupita. Ulizia visu vya akiba. Vyangu vilipanda basi hadi Mwanza kunolewa, wiki mbili mashine imelala. Kwamba inataka umeme wa njia tatu (three phase) nadhani unajua.

Soko sasa. Mashine hiyo moja itakupa vipande vya ukubwa wa kiganja. Ukitaka chenga safi, ongeza mashine ya kusaga, sumaku ya kunasa vijiwaya vya ndani ya tairi, na chekeche. Anayeota kuuza chenga Ulaya za kumwaga kwenye viwanja vya nyasi bandia ajue kwamba Umoja wa Ulaya ulishaamua mwaka 2023 kuzipiga marufuku humo kuanzia 2031.

Matairi ya nyuzi, yasiyo na waya kifuani, siyakati kabisa. Fundi makatambuga hapa jirani anayafuata mwenyewe na mkokoteni, na bei yake inashinda ya vipande.