Re: Nina miaka 22, nataka kuhamia kwenye gari moja kwa moja, nianze na nini?
Mkuu umeuliza uanze na sola au kitanda, mi nakwambia anza na hewa. Ukilala humo umefunga madirisha yote asubuhi vioo vinachuruzika maji, ukiinua godoro unakuta ukungu mweusi chini, langu nililitupa baada ya miezi mitatu tu na roho iliniuma kweli. Weka feni kwenye paa, godoro likae juu ya chaga hewa ipite. Halafu usije ukawasha jiko la gesi upate joto ukapitiwa na usingizi, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto wa jiko, haina harufu wala rangi, nunua king'ora chake kabla hujalala humo hata usiku mmoja, nakuomba sana. Sola itafuata, ila betri za asidi za kutunzia umeme wake usizishushe chini ya nusu ya chaji, zinakufa mapema.